Kabla Hujasaini

Mwezi huu tuzungumzie kitenzi kimoja cha Kiingereza tulichokipokea mpaka tumesahau kwamba ni cha kigeni: "sign", yaani kusaini.

Pale Nyakato, kwenye ofisi na maghala ya kando ya Barabara ya Musoma, watu wanasaini tangu asubuhi. Daftari la mahudhurio, hati ya kupokelea mzigo, vocha ya malipo, mkataba wa ajira. Mkono umezoea, macho hayasomi tena. "We saini tu hapo chini, dada, ni utaratibu." Jamani, maneno hayo yameponza wengi!

Wazee wetu walisema kutia sahihi. Sahihi hiyohiyo, iliyotoka Kiarabu, ndiyo yenye maana ya kitu kisicho na kosa. Ukitia sahihi unatamka kwamba yaliyoandikwa ni kweli na umeyakubali. Mzigo hujauhesabu? Andika pembeni "nimepokea, sijahesabu", kisha saini. Umeombwa kumdhamini mwenzako wa kazini? Akishindwa kulipa, deni litakugeukia wewe.

Na nyumbani je? Shoga yangu mmoja wa Nyakato aliletewa fomu na mumewe wakati anakaanga sato. Ni mkopo wa biashara, dhamana ni nyumba wanayoishi na watoto. "Mke wangu, kwani huniamini?" Akafuta mikono. "Nakuamini, baba watoto. Karatasi ndiyo siijui. Tule kwanza, halafu tuisome wote."

Mume akanuna usiku kucha. Asubuhi wakaisoma mstari kwa mstari, wakapiga hesabu na kukuta rejesho la mwezi ni kubwa kuliko faida ya duka. Wakaomba nusu yake.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina la mmoja tu. Ndiyo maana saini yako inatafutwa. Hiyo ni kinga yako, usiigawe jikoni.

Mwenzako akinuna kwa sababu umeomba kusoma, mwache anune. Usiku mmoja utapita, marejesho ni ya miaka.

Tukutane mwezi ujao.