Masikio ya Mzee Hayakuwa na Kosa

Najua nimekuwa kimya wiki kadhaa. Kazi zimenizidi, na isitoshe nilikuwa na mgonjwa nyumbani. Mgonjwa mwenyewe ni hom-thieta yangu. Leo nitawasimulia jinsi nilivyomtibu, halafu niseme jambo moja ambalo sisi watu wa kompyuta hatupendi kuambiwa.

Baba yangu alikuja kutoka Nyeri kukaa nasi hapa Nairobi, ili awe karibu na kliniki yake ya macho. Kila jioni tunaketi sebuleni: habari za saa moja kwanza, kisha filamu. Siku za mwanzo Mzee alikaa nasi mpaka mwisho. Wiki ya pili akaanza kulalamika. "Hawa watu wenu hawasemi, wananong'ona." Mke wangu akaongeza sauti. Bomu likalipuka kwenye filamu, mtoto mdogo akaamka akilia, na Mzee bado hakuambulia neno. Binti yetu akasema, "Guka, ni masikio yako." Tukacheka. Mzee hakucheka. Kesho yake habari zilipoisha aliinuka, akachukua fimbo yake, akaenda kulala.

Kwa muda wa wiki nzima hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nami niliamini kabisa kwamba ni masikio. Ana miaka 74, ungetarajia nini? Nikaanza kuulizia kliniki ya masikio. Wakati huo huo, kwa kuwa mimi ni mimi, nikaanza pia kuangalia bei za risiva mpya. Nilikuwa karibu kutoa pesa mara mbili kwa kosa ambalo sikuwa nimelitafuta.

Kilichoniamsha ni swali ambalo kazini namuuliza kila anayeniletea hitilafu: inafanya kazi lini, na haifanyi lini? Habari Mzee anazisikia vizuri, hata anabishana na mtangazaji. Filamu hasikii. Masikio ni yale yale, kiti ni kile kile, sebule ni ile ile. Basi kilichobadilika ni sauti yenyewe.

Hapa nieleze kidogo. Habari kwenye runinga yetu huja kwa chaneli 2, kushoto na kulia. Filamu nyingi huja kwa mfumo wa 5.1, yaani chaneli 5 kamili (kushoto, katikati, kulia, na mbili za pembeni au nyuma) pamoja na 1 ya mngurumo inayokwenda kwenye sabufa. Milio na muziki husambazwa kote, lakini mazungumzo kwa sehemu kubwa hukaa kwenye chaneli ya katikati. Spika ya katikati ikifa, utasikia risasi, mvua na vinanda bila shida, lakini watu watakuwa wananong'ona. Mzee alikuwa ametueleza ugonjwa wenyewe kwa maneno sahihi, na sisi tukamcheka.

Sasa utauliza, ninyi wengine mbona hamkugundua? Jibu linaniaibisha. Sisi tulikuwa tunasoma maandishi chini ya skrini. Tumezoea, tunayawasha bila kufikiri. Mzee macho yake hayamruhusu. Yeye peke yake pale sebuleni ndiye aliyekuwa anaisikiliza filamu.

Haya, tuingie kazini. Kwangu kuna kompyuta ndogo yenye Kodi. Inatuma sauti kwa HDMI hadi kwenye risiva, na risiva inagawia spika. Kwanza nilifanya kosa ambalo wengi hufanya: nikaingia kwenye mipangilio na kuanza kubonyeza. Nikazima ule mpangilio wa kupitisha sauti bila kuifungua, nikaweka idadi ya chaneli kuwa 2.0. Ajabu! Mazungumzo yakarudi. Nikataka kumwita Mzee palepale.

Lakini hapo sikuwa nimerekebisha kitu. Nilikuwa nimeiambia Kodi ichukue chaneli ya katikati na kuimwaga kwenye kushoto na kulia. Ni kama kuziba tundu la paa kwa kuweka sufuria chini yake. Hata hivyo nilijifunza jambo: filamu ni nzima, na maneno yamo. Yanapotelea mbele zaidi, baada ya kutoka kwenye kompyuta.

Nikarudisha mipangilio ilivyokuwa, nikafanya ambalo ningelifanya mwanzo. Risiva nyingi za 5.1 zina sauti ya majaribio, ule mvumo unaozunguka spika moja baada ya nyingine. Kushoto, vuuu. Katikati, kimya. Kulia, vuuu. (Kama unatumia Linux, amri ya `speaker-test -c 6 -t wav` inafanya kazi hiyo hiyo na kukutajia kila spika kwa jina.) Kwa kuwa mvumo huu unatoka ndani ya risiva yenyewe, Kodi, HDMI na filamu zote zikatoka kwenye orodha ya washukiwa.

Wakabaki watatu: risiva, waya na spika. Nikazima umeme kwanza, maana nyaya za spika zikigusana risiva ikiwaka unaweza kuiua. Nikachomeka waya wa spika ya kushoto kwenye tundu la katikati. Nikawasha. Spika ya kushoto ikavuma ilipofika zamu ya katikati. Basi risiva ni nzima. Nikazima tena, nikaiunga spika ya katikati kwa waya wa kushoto. Ikalia. Spika ni nzima. Akabaki mmoja. Tulipohama nyumba mwaka jana, mguu wa kabati uliukalia waya, na nyuzi za shaba zikakatika ndani ya ganda. Ukiutazama kwa nje hauna neno. Waya mpya nilinunua kwenye duka la umeme hapa mtaani, na bei yake haikufika ya kuku mmoja.

Muda huo wote, risiva ilikuwa imeandika "Dolby Digital" usoni na kuwasha taa za chaneli zote. Haikudanganya. Ilisema kilichoingia, sisi tukadhani inasema kilichosikika. Hata ule upimaji wa spika kwa maikrofoni niliufanya nyumba ya zamani na sikuurudia baada ya kuhama. Muuza duka wa M-Pesa ana akili kuliko sisi: hakuachii sukari kwa sababu umemwonyesha simu yako. Anangoja ujumbe uingie kwake.

Na hili ndilo jambo lenyewe. Sisi watengenezaji programu tuna tabia ya kuamini taa kuliko mtu. Mtumiaji akisema "haifanyi kazi" tunafungua kumbukumbu za programu, tunaona imeandikwa "imetumwa", tunamjibu kwamba tatizo liko kwake. Ni mzee, hajui kutumia, simu yake mbovu. Mara ngapi nimefunga lalamiko namna hiyo? Sitaki kuhesabu. Maoni yangu ni kwamba uchunguzi uanzie sikioni kwa mtu na kurudi nyuma hadi kwenye mashine, hatua moja moja, bila kugusa mipangilio na bila kununua kitu kabla hujajua kosa liko wapi. Na yule anayelalamika peke yake asipuuzwe. Huenda wengine wote wamejifunza kuishi na kosa, kama sisi na maandishi yetu.

Jioni ile nilimwomba Mzee abaki baada ya habari. Nikazima maandishi. Filamu ikaanza, watu wakazungumza, naye akasikiliza dakika kama tano hivi bila kusema neno. Kisha akamgeukia binti yangu.

"Sasa masikio yangu yamepona?"

"Pole, Guka," akasema.

Nami nilimwomba msamaha. Aliniambia niache kelele, anasikiliza.