Difu Haivuji kwa Uzee

Hapa Morogoro nimechoka kuusikia mzaha mmoja: ukiona Land Rover haivuji, ujue haina oili ndani. Watu hucheka, fundi huongeza nusu lita, na gari kuukuu hupanda tena Mgeta. Mimi sicheki.

Difu haivuji kwa uzee. Juu ya ekseli kuna tundu dogo la kupumulia. Oili ikipata moto, hewa iliyomo hutanuka na kutokea hapo. Tope la Uluguru likiliziba, hewa hiyo huisukuma oili ipite kwenye sili. Nawe unabadilisha sili ya pili, ya tatu, huku ukimlaumu Mwingereza aliyeunda gari! Safisha tundu kwanza. Kisha tazama kama chuma kimelika pale sili inapokaa, au kama beringi imelegea. Hapo sili mpya haitafaa kitu.

Asiyelijali gari lake na awajali wenzake. Ekseli yenye moto ikiingia kijitoni hupoa ghafla, ikavuta maji kupitia sili ile ile iliyochoka. Oili hugeuka nyeupe kama maziwa, beringi na meno ya gia huliwa, na siku moja abiria na mboga zao hulala mlimani. Nayo matone yetu husombwa na mvua kuelekea mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa Dar es Salaam.

Wahenga walisema tuzibe ufa. Kwa hili nasema: tuzibue tundu kwanza. Kuongeza oili si matengenezo, ni kukopa.