Macho ni Mengi, Swali Halikuulizwa

Jamani, nilikuwa kimya wiki nzima, chumba cha habari kilinibana. Leo niseme jambo linalonikera kuhusu sisi mashabiki wa Linux. Tukibishana na watu wa Windows tunajigamba kwamba programu huria ni salama kwa kuwa kila mtu anaruhusiwa kuisoma, na macho ni mengi. Kweli?

Mnakumbuka toleo la 4.19? Lilitoka Oktoba 2018. Wiki chache baadaye watu wakaanza kulia kwamba mafaili yao yanaharibika. Lawama zikaiangukia ext4, mfumo unaopanga mafaili kwenye diski. Masikini, ilisingiziwa! Kosa lilikuwa chini yake, katika sehemu ya kiini cha Linux inayopeleka maombi kwenye diski. Jens Axboe, mwenye dhamana ya sehemu hiyo, alileta rekebisho Desemba mwaka huohuo.

Kosa lenyewe ataelewa yeyote aliyewahi kukaa na msanifu kurasa usiku. Ombi linapelekwa moja kwa moja. Kabla halijaondoka, inaandaliwa orodha ya mahali data ilipo kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Jibu linakuja: subiri, nafasi hakuna. Ombi linarudi kwenye foleni, na huko linaunganishwa na ombi la jirani, linakuwa refu. Lakini orodha ni ileile ya zamani! Inasomwa au kuandikwa sehemu ya mwanzo tu, huku kompyuta ikiamini kazi yote imekwisha. Ni sawa na msanifu kupima nafasi ya aya sita, mimi nikaongeza nne, zikachapwa sita, na mhariri akaenda kulala akijua habari imetoka nzima.

Lile jibu la "subiri" lisipokuja kwa wakati ule, hakuna kinachoharibika. Ndiyo maana kulinasa kosa hili kulikuwa shida. Ukisoma kila hatua peke yake huoni tatizo. Macho yalikuwepo, aliyekosekana ni wa kuuliza: tukiambiwa tusubiri sasa, orodha ikiwa imeshaandaliwa, itakuwaje?

Kusoma namna hiyo ni kazi ya polepole na haina sifa. Anayeleta kitu kipya anapigiwa makofi, anayekizuia siku tatu kwa maswali anaitwa mkorofi (waulize wahariri wangu). Mimi ningekuwa na fungu, mkorofi huyo ndiye ningemlipa kwanza.

Na wewe unayepakua kila toleo usiku uleule linapotoka, nakala za mafaili yako umeziweka wapi?