Kufuga Nyoka Mkali: Amana, Kibali na Dhamana

Ndugu Waislamu, sisi tuishio Kibara na kandokando ya Ghuba ya Speke hatuhitaji kuhadithiwa habari za wanyama wakali. Mamba wamo ziwani, chatu wamo vichakani, na kwa jirani zetu wa Usukumani wapo Bayeye, mafundi wa nyoka wanaocheza nao ngomani tangu enzi za mababu. Basi mwenye chatu ndani ya tenga akidaiwa kibali hustaajabu: nimemkamata mwenyewe, Serikali yaingiaje?

Jawabu limo katika Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Wanyamapori ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Anayemfungia mnyama huyo bila leseni ameshika amana asiyokabidhiwa, na makosa ya namna hii huweza kufikishwa mahakamani kama uhujumu uchumi. Hilo si jambo la faini ndogo. Ni jambo la familia kukosa baba.

Yapo manung'uniko, nayo yana haki. Novemba 2010 wanyama hai zaidi ya mia moja, wakiwamo twiga, walipakiwa katika ndege uwanja wa KIA wakapelekwa Qatar. Hukumu ilipotolewa mwaka 2014, mshitakiwa aliyetiwa hatiani alikuwa amekwisha kutoroka. Mei 2016 Serikali ikasimamisha usafirishaji wa wanyama hai nje ya nchi. Mwanakijiji ana haki ya kuuliza kwa nini mizani iwe nzito kwa mwenye tenga na nyepesi kwa mwenye ndege. Lakini dhuluma ya mkubwa haihalalishi kosa la mdogo.

Tena kibali si karatasi tu. Maana yake ni maswali matatu: mnyama ametoka wapi, banda linamzuia vipi, na akidhuru nani atabeba dhamana? Wanazuoni wetu wa fiqhi waliliuliza hili la tatu zamani. Walisema afugaye mnyama anayejulikana kwa kudhuru, kisha akamwacha huru, hulipa alichoharibu. Na Mtume (S.A.W.) ametuhadharisha kwa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula. Ikiwa paka ana haki hiyo, na chatu wa tengani anayo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 duniani kila mwaka, wengi wao wakiwa maskini wa vijijini walio mbali na dawa. Mzazi anayeweka swila au kifutu chumba kimoja na watoto ajiulize atakimbilia wapi usiku.

Nasaha zetu ni mbili. Mwenye mnyama asiye na leseni amwendee ofisa wanyamapori wa wilaya kabla hajafuatwa. Nayo mamlaka iyafikishe masharti ya leseni hadi ofisi za vijiji, kwa Kiswahili chepesi, kwani si uadilifu kumwadhibu mtu kwa sheria ambayo hakufikishiwa.

Wabillahi tawfiq.