Madeni ya kaya nayo yapimwe

Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa mwaka 2017/18 ulionyesha kuwa asilimia 26.4 ya wakazi wa Tanzania Bara walikuwa chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, yaani Sh. 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Mwaka 2011/12 walikuwa asilimia 28.2.

Nafuu hiyo hupimwa kwa matumizi. Unga uliokopwa dukani huhesabiwa sawa na ulionunuliwa kwa fedha taslimu, na deni haliondolewi. Mama lishe anayelisha watoto kwa mkopo wa "kausha damu" anaweza kuonekana amevuka mstari, kumbe anazama.

Marekani, Benki Kuu huorodhesha mali za kaya na kutoa madeni, kila baada ya miaka mitatu. Mwaka 2022 wastani wa utajiri ulizidi dola milioni 1 kwa kaya, lakini kaya ya katikati ilikuwa na dola 192,900 tu. Pengo hilo halionekani kwenye kapu la sokoni.

Ofisi ya Taifa ya Takwimu ichapishe hesabu ya namna hiyo. Mfanyabiashara anayeagiza shehena kwa kutegemea walaji wenye madeni anajitafutia hasara.