Kaskazi Isisingiziwe

Kaskazi hutuvumia hapa Pemba kuanzia Desemba hadi Machi, na mwenye karafuu zake jamvini huishukuru. Lakini mtoto akiharisha siku hizo, nyumbani husemwa, "Kapigwa na upepo." Hufungwa hirizi (nimeziona hata kwa waliobatizwa), kisha hunyimwa maji eti tumbo litulie.

Hapo nakataa. Upepo hauharishi mtoto. Mvua zimekatika, kisima kimeshuka, maji yanatekwa popote na hayachemshwi, mikono hainawiwi ipasavyo. Mtoto anapoteza maji kwa kuharisha, na joto nalo linamkausha. Kumnyima maji ni kummaliza.

Mpeni maji ya pakiti ya ORS. Ikikosekana, chukueni lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Chumvi isizidi, ina hatari. Anayenyonya aendelee kunyonya.

Macho yakididimia, au akilia bila machozi, au akishindwa kunywa, msingoje kupambazuke. Mleteni usiku huohuo. Hirizi yake sitaiuliza. Nitauliza amekunywa nini.