Tuchangie kipimo kwanza

Wadau, mada ya leo si tamu, lakini nivumilieni.

Rafiki yangu, mcheza mpira wa mchangani, aliota uvimbe kwenye kifundo cha mguu. Sote tukamwambia ni teke tu hilo. Akachuliwa miezi minane! Kinyama kilipopelekwa maabara, jibu likaja: melanoma, saratani ya ngozi. Ajabu, ngozi yenyewe haikuwa na doa. Daktari mmoja akasita, akataka kipimo cha jeni. Tulimnung'unikia kweli, eti anatuchelewesha na kutumalizia hela.

Kumbe ilikuwa sakoma adimu ya kwenye kano. Franz Enzinger aliieleza mwaka 1965, akiwa na wagonjwa 21. Huwapata zaidi vijana, hasa miguuni. Kwenye hadubini inafanana mno na melanoma. Hata vipimo vya rangi vya S100 na HMB-45 huitikia kwa zote mbili. Kinachoiumbua ni jeni ya EWSR1, iliyokatika na kuungana na nyingine, mara nyingi ATF1.

Utasema saratani ni saratani tu. Hapana. Baadhi ya dawa za melanoma hulenga kasoro ya jeni ya BRAF, ambayo kwenye sakoma hii ni nadra. Ukikosea jina, umekosea dawa.

Sisi hupitisha bakuli mgonjwa akishaanza dawa. Mimi nasema tupitishe mapema, kwa ajili ya kipimo. Na daktari akisita, tumpe nafasi.

Rafiki yangu bado anatibiwa. Wewe je, uvimbe wako unauchua tu?